Seva imezimika, imezimwa au imejizima?

SWALI: Ndugu mtaalamu, mimi nasimamia seva, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine, na kila zamu inapokwisha tunaandika ripoti kwa Kiswahili. Mashine hutoa taarifa zake kwa Kiingereza, zenye maneno mengi yanayokaribiana. Sisi tukishika kalamu, yote hugeuka kuwa mawili: "hitilafu" na "imeharibika". Juzi zamu ya usiku iliandika "RAM ya seva ya tatu imeharibika". Zamu ya asubuhi ikaanza kuagiza RAM mpya (sehemu inayoshika data wakati seva inafanya kazi), kumbe mashine ilikuwa imeeleza kosa moja dogo ambalo ilikwisha kulisahihisha yenyewe. Je, hitilafu, kosa, kasoro na ubovu ni kitu kimoja? Tuandikeje ili anayesoma ajue seva imefikwa na nini hasa? Na mtu akiandika "kumbukumbu zimejaa", tuelewe nini?

JIBU: Ndugu msomaji, maneno hayo manne hayalingani, na nitayatenganisha hapa chini. Lakini kwanza tuangalie vitenzi, maana ndimo kosa la zamu ya usiku lilimozaliwa. Hata mkikubaliana leo juu ya nomino zote, ripoti itaendelea kupotosha iwapo kila tukio litamalizikia kwenye "imeharibika". Kitenzi cha Kiswahili hubeba habari ambazo lugha nyingine huzipa maneno mapya: ni nani aliyetenda, jambo limekwisha au linaendelea, linawezekana au haliwezekani. Hizo ndizo habari anazozitaka fundi.

Chukua kitenzi "zima". Seva iliyokuwa ikifanya kazi sasa imenyamaza. Ukiandika "imezimwa", umedai kwamba kuna aliyeizima: mtu aliyebonyeza kitufe, au programu iliyotoa amri. Kauli ya kutendwa hudai mtenda hata asipotajwa, na msomaji ana haki ya kuuliza "na nani?" Ukiandika "imejizima", umesema seva yenyewe ilichukua hatua. Hilo hutokea kweli: joto la kichakataji, yaani ubongo wa mashine, likifikia kikomo cha mwisho, seva hujizima ili kisiungue, na hapo kujizima ni kinga, mashine inafanya ilichoundwa kufanya. Ukiandika "imezimika", umeeleza hali tu, bila kudai lolote juu ya chanzo. Umeme unaweza kuwa umekatika ukutani, pawasaplai, kifaa kinachoilisha seva umeme, inaweza kuwa imekufa, waya unaweza kuwa umelegea. Kwa mtu wa zamu ambaye bado hajachunguza, "imezimika" ndilo neno la uaminifu, na ningependa lipendwe zaidi kuliko linavyopendwa sasa.

Utatu huohuo upo kwenye kuwaka. Seva "imewaka", "imewashwa" au "imejiwasha upya". Hili la tatu huhitajika sana, kwa sababu seva nyingi zina kipimamuda cha ulinzi: mfumo ukikaa muda uliopangwa bila kuitikia, mashine hujiwasha upya bila kungoja mtu. Ripoti ikisema "iliwashwa upya saa 02:14", meneja atatafuta aliyekuwa zamu. Ikisema "ilijiwasha upya", atatafuta kilichoigandisha.

Hapo nimetumia -li-, na kuna sababu. "Imezimika" ina maana kwamba hadi unapoandika bado imezimika. "Ilizimika" inaacha nafasi ya kuwa imekwisha kuwaka tena. Ripoti husomwa saa kadhaa baada ya kuandikwa, na msomaji wa asubuhi akikuta "imezimika" atakimbilia kwenye mashine. Kwa tukio lililopita na likaisha, tumia -li-. Kwa hali inayoendelea, tumia -me- au -na-. Na muda wenyewe unakilini kama ulivyo kwenye mashine, kwa saa 24. Ukiigeuza 02:14 kuwa "saa 8:14 usiku", Kiswahili chako ni sahihi kabisa, lakini mwenzako anayetafuta tukio hilo kwenye orodha ya seva atafungua 08:14 au 20:14 na hataliona.

Sasa turudi kwenye RAM iliyowasumbua. RAM ya seva kwa kawaida ni ya aina ya ECC, yaani inayokagua na kusahihisha makosa yake. Katika mpangilio wake wa kawaida, kila biti 64 za data (biti ni tarakimu moja, 0 au 1) hufuatana na biti 8 za ukaguzi, jumla 72, kwa hesabu inayotokana na kazi ambayo Richard Hamming aliichapisha mwaka 1950. Biti moja ikigeuka, hesabu huonyesha ni ipi na hurudishwa mahali pake papo hapo. Zikigeuka mbili, hesabu hugundua kwamba kuna kosa lakini haiwezi kusema liko wapi. Kwa hiyo seva hutoa taarifa za aina mbili, na Kiswahili kinazitenganisha kwa viambishi viwili, -ik- na -w-.

Kiambishi -ik- kina sura mbili. Katika "imevunjika" kinaeleza hali iliyokwisha kuwapo. Katika "inavunjika" au "inasomeka" mara nyingi kinaeleza uwezekano: ni kitu kinachoweza kuvunjwa, kinachoweza kusomwa. Basi "kosa linalosahihishika" ni jina la aina ya kosa, lile ambalo mashine ina uwezo wa kulisahihisha, na mwenzake ni "kosa lisilosahihishika". Lakini ripoti ya zamu haielezi uwezo, inaeleza yaliyotukia. Kwa hiyo andikeni "limesahihishwa", kwa -w-: "Kosa 1 la RAM limesahihishwa, nafasi A3." Sentensi hiyo isingemfanya mtu yeyote aagize RAM. Na wakati kosa halikuweza kusahihishwa, andikeni wazi "kosa lisilosahihishika", maana hapo programu iliyokuwa ikitumia data hiyo, au seva nzima, inaweza kuwa imesimama, na msomaji anapaswa kushtuka.

Kwa msingi huo nomino zenu zinapata mahali pa kukaa.

"Kosa" ni thamani isiyo sahihi: biti iliyogeuka, hesabu isiyolingana, jibu lililopotoka. Limetoka kwenye kitenzi kukosa, nalo husimulia tukio. Kosa hutokea, huhesabika, na linaweza kupita bila kuacha alama. Chembe zinazotokana na miale ya angani zinaweza kugeuza biti kwenye RAM ambayo ni nzima kabisa.

"Ubovu" ni hali ya kifaa chenyewe. Umetoka kwenye kivumishi -bovu, na kivumishi hicho hufuata kitu, hakifuati tukio: feni mbovu, kichakataji kibovu, waya mbovu. Ukisema ubovu, umesema kuna kitu cha kubadilishwa. Makosa yaliyosahihishwa yakirudi na kurudi kwenye kipande kilekile cha RAM, ndipo mnapopata haki ya kusema kipande hicho ni kibovu. Kinyume chake pia ni kweli: feni inaweza kuwa na beringi mbovu kwa wiki kadhaa huku ikizunguka kwa kasi inayotakiwa, yaani kuna ubovu na bado hakuna kosa.

"Kasoro" ni upungufu. Tunalitumia kwenye saa, "saa tatu kasoro robo", na kwenye idadi, "kumi kasoro mmoja". Maana hiyo ya kutotimia ingali hai ndani yake, kwa hiyo linafaa pale kifaa kinapofanya kazi chini ya kiwango chake, au pale kilipotoka kiwandani kikiwa na dosari ya muundo. Mimi nisingelitumia kwa biti iliyogeuka.

"Hitilafu" ni pana kuliko yote. Asili yake ya Kiarabu ni kutofautiana, na hata kwa Kiswahili watu wakizozana tunasema wamehitilafiana. Katika mashine, hitilafu ni tofauti kati ya kinachotarajiwa na kinachoonekana, kabla hujajua ni kosa, ni ubovu au ni mpangilio tu. Ni neno zuri la kufungulia uchunguzi. Kulifungia ndiko kunakoleta shida: ripoti inayomalizikia na "hitilafu" imekiri kwamba uchunguzi haujafika popote.

Zaidi ya hayo kuna kushindwa kwa huduma, yaani pale mtumiaji anapoomba kitu na hapati. Wataalamu Algirdas Avižienis, Jean-Claude Laprie na wenzao, katika makala yao ya mwaka 2004 kuhusu mifumo ya kutegemewa, waliupanga mnyororo huu kwa hatua tatu: kuna chanzo, chanzo huzaa kosa, na kosa lisipodhibitiwa huduma hushindwa. Seva za kampuni zinaundwa ili kuukata mnyororo huo katikati. Ndiyo maana ripoti isiyotofautisha hatua hizo inaificha kazi kubwa zaidi ya mashine: kosa lilitokea, na huduma haikutetereka.

Kuhusu "imefeli": nalisikia sana, na silikatai. Lakini kufeli kunataka jaribio. "Diski imefeli jaribio la kusoma" ni sentensi kamili, na inafaa pia kwa ukaguzi ule wa mwanzo, POST, ambapo seva hujipima kila inapowashwa kabla ya kupakia mfumo endeshi. "Diski imefeli" pekee yake inaniacha nikiuliza imefeli nini. "Imekufa" ni lugha ya mafundi, na kwa mazungumzo inatosha. Ninalolikataa katika maandishi ni "imeungua" kwa kila kifaa kisichowaka. Kuungua ni madai juu ya chanzo: joto au umeme uliozidi. Kama hukuona alama ya moto wala kunusa harufu, huna ushahidi. Vilevile "imeharibiwa" si sawa na "imeharibika". Ukimwandikia muuzaji anayetoa dhamana kwamba bodi "imeharibiwa", umemwambia kuna aliyeiharibu, na swali lake la kwanza litakuwa kama aliyeiharibu ni wewe. Tena, kauli ya kutendeka, ile ya -ik-, haichukui "na" ya mtenda. Tunasema "imeharibiwa na joto" au "imeharibika kwa sababu ya joto", hatusemi "imeharibika na joto".

Kwenye diski ndiko ninakoona Kiswahili kikifanya kazi nzuri kuliko tunavyokitumia. Diski kadhaa zikifungwa pamoja katika safu ya RAID, moja ikifa safu nzima haifi. Katika RAID 5 data hubaki salama diski moja ikitoka, katika RAID 6 hata zikitoka mbili. Mashine hutangaza kwamba safu imeshuka daraja, na ripoti nyingi huandika "RAID imeharibika". Huo ni uzushi wa kutisha, kwa sababu safu iliyoharibika ni data iliyopotea. Tunacho kitenzi kinachoeleza hali hiyo barabara: kupungukiwa. "Safu imepungukiwa diski 1." Anayepungukiwa bado yupo na bado anafanya kazi, ila hana alichokuwa nacho, na akipungukiwa zaidi ataanguka. Hilo ndilo hasa linaloipata safu. Diski mpya ikiwekwa, safu "inajijenga upya", na muda wote wa kujijenga bado imepungukiwa, kwa hiyo msiandike "imepona" mpaka ikamilike.

Diski inayosubiri bila kazi ili iingie mwenzake akitoka iiteni "diski ya akiba", kama tunavyomwita mchezaji anayekaa benchi. Neno akiba linafaa pia kwa pawasaplai. Seva nyingi zina mbili, na moja ikifa nyingine huubeba mzigo wote. Mashine itaonya kwamba uwezo wa kufidiana umekwisha. "Hakuna pawasaplai ya akiba, seva inategemea moja" ni Kiswahili kinachoeleweka hata na mtu wa fedha atakayeidhinisha ununuzi.

Taarifa za ubashiri zina mtego wake. Diski hujipima kwa mfumo wa SMART, na huweza kuonya kwamba inaelekea kufa. Wengine huandika "diski inatarajiwa kuharibika", na kisarufi hakuna ubaya, ila kutarajia kwa Kiswahili kumeelemea upande wa tumaini. "Inaelekea kuharibika" au "ina dalili za kuharibika" ni bora. Na ndani ya SMART viambishi vinasaidia tena. Kuna sekta (vipande vidogo vya diski vinavyohifadhi data) zilizohamishwa, yaani diski ilikwisha kuziacha na kutumia za akiba, na kuna sekta zinazosubiri, ambazo diski imezitilia shaka lakini haijaamua. Ya kwanza ni historia, ya pili ni suala lililo wazi. Mkiziweka zote chini ya "sekta mbovu", mmeifuta tofauti ambayo diski ilijitahidi kuionyesha.

Liko pia suala la kutokuwapo. "Diski haipo", "diski haionekani" na "diski haitambuliki" ni taarifa tatu. Haipo: umeangalia kwa macho, tundu ni tupu. Haionekani: seva haiioni, ingawa huenda umeishika mkononi na kuipachika mwenyewe. Haitambuliki: seva imeona kuna kitu, ila haijui ni nini au haikikubali. Tiba ya kila moja ni tofauti, na mtu aliye mbali na chumba cha seva anategemea kitenzi chenu tu.

Hali na afya nazo hutenganishwa. Katika Redfish, kiwango cha usimamizi wa seva kilichotolewa na shirika la viwango la DMTF mwaka 2015, kila kifaa kina vipimo viwili: kimoja kinasema kama kipo na kimewezeshwa, kingine kinasema ni kizima, kinahitaji uangalizi au kiko hatarini. Kifaa kinaweza kuwa kimewezeshwa na papo hapo kiko hatarini. Tukiviita vyote viwili "hali", sentensi hujipinga. Ningeshauri "hali" kwa cha kwanza na "afya" kwa cha pili.

Kwa vihisi vya joto, kasi na volteji, kiwango cha zamani zaidi, IPMI cha mwaka 1998, kinatambua vikomo vya ngazi tatu upande wa juu na tatu upande wa chini. Tahadhari, hatari na maangamizi vinatosha kuzitaja. Semeni "kikomo", msiseme "kiwango", kwa kuwa "kimefikia kiwango cha juu" kinasikika kama sifa. Na jihadharini na "onyo limetolewa". Kutoa ni kutangaza, na kutoa ni kuondoa. Mashine huandika onyo linapoanza na linapokoma, na kitenzi hicho kimoja kinaweza kusomwa vyote viwili. "Onyo limeanza" na "onyo limekoma" havina utata.

Kuhusu "kumbukumbu zimejaa": hamkosei kutoelewa. Neno hilo limepewa kazi mbili, RAM na orodha ya matukio, na kwenye seva vyote viwili vinaweza kujaa. RAM ikijaa, programu huanza kusongana. Orodha ya matukio ikijaa, seva inaendelea kama kawaida, ila katika baadhi ya mashine matukio mapya hayaandikwi tena, na hapo mnakuwa vipofu bila kujua. Kwenye maandishi ya kazi iacheni RAM iitwe RAM, kila mtu anaielewa. Orodha ya matukio iiteni "daftari la matukio", au "batli", neno ambalo mabaharia wamekuwa nalo kwa daftari la safari ya chombo na ambalo kamusi zinalo. Mimi napenda batli, kwa ufupi wake na kwa sababu halina kazi nyingine ya kuligombania. Kila mstari ndani yake ni "tukio". "Batli imejaa" haiwezi kusomwa vibaya.

Kwa yote haya, ripoti ya usiku ule ingeweza kusomeka hivi: "Seva ya 3. Saa 02:14 kosa 1 la RAM lilitokea, nafasi A3, likasahihishwa. Halijarudia hadi saa 06:00. Huduma haikukatika. Safu ya diski imekamilika. Pawasaplai zote mbili zinafanya kazi. Batli ina nafasi." Na siku ambayo mambo ni mazito: "Seva ya 5. Saa 03:40 ilizimika, chanzo hakijajulikana. Saa 03:52 iliwashwa na mtu wa zamu, ikapita ukaguzi wa mwanzo. Batli inaonyesha joto la kichakataji cha 2 lilivuka kikomo cha maangamizi saa 03:39, kwa hiyo huenda ilijizima. Feni ya 4 haizunguki. Inachunguzwa." Katika hiyo ya pili, angalieni mwandishi alivyoanza na "ilizimika" na kufika kwenye "huenda ilijizima" baada tu ya kuisoma batli, na alivyojizuia kusema feni ni mbovu. Kwamba haizunguki, ameona kwa macho. Ubovu atauthibitisha fundi atakapoichomoa, maana inawezekana ni waya wake tu uliochomoka.